Kuanza kila mtu anajua, nani atarudi mwezi wa tatu?

Mmeuliza wiki hii: mtaa ukishachoka na wizi na ukabaji, aanze nani kuunyanyua, polisi, jiji au wakazi wenyewe? Mi nimekuwa katibu wa kamati ya mtaa wetu miaka miwili na kitu, daftari la vikao ninalo mpaka leo, basi ngoja niseme ninachokijua. Kuanza sio tatizo. Siku ya kuanza tulikuwa wengi mpaka mafagio hayakutosha, polisi wamekuja, watu wa jiji wamekuja, viongozi wa dini wamekuja, kuna mkubwa mmoja alifagia kama dakika nne akapigwa picha akarudisha fagio, na pale kona kuna kiwanja kina pagale limetelekezwa miaka na miaka, nyasi mpaka kiunoni, matairi, godoro bovu, sijui nini, tukafyeka mpaka jioni watu wametoka malengelenge mikononi. Ukisimama barabarani unaona mpaka upande wa pili. Tukapeana mikono, tukaenda kulala tukijua vibaka kwishnei.

Mwezi wa tatu tangu tufyeke nyasi zimerudi. Wa nne na vibaka wamerudi, maana lile pagale lilikuwa ndo stoo na ndo mlango wao wa nyuma, jamaa anakwapua simu barabarani anazama pale, dakika mbili anatokea uchochoro wa pili kabadilisha shati anatembea zake taratibu kama anatoka ibadani. Nikifungua daftari, majina ya kikao cha kwanza yamejaa kurasa mbili na nusu. Kikao cha sita ni mistari tisa, na wanne kati ya hao tisa ni sisi viongozi.

Kwa hiyo kwangu mimi aanze yeyote anayetaka, ila kabla hatujapiga picha mniambie nani atafyeka mwezi wa pili, na wa tatu, na wa kumi.

Na msicheke hii habari ya nyasi. Philadelphia kule Marekani watafiti waliichukulia serious kabisa, walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa, wakavigawa kwa bahati nasibu kama vile dawa inavyojaribiwa hospitali, vingine vikasafishwa vikapandwa majani na miti michache, vingine vikazolewa taka na kufyekwa tu, vingine vikaachwa vilivyo. Vile vilivyopandwa wakavizungushia kauzio kafupi ka mbao. Hako kauzio mi ndo kamenifurahisha zaidi, maana hakamzuii mtu, kameachiwa hadi nafasi ya kupita, kazi yake ni kukwambia tu kwamba hapa pana mwenyewe. Matokeo yakatoka 2018, kwenye mitaa maskini zaidi matukio ya bunduki yalishuka kwa asilimia 29, na wakazi walioishi karibu na viwanja vilivyotengenezwa wakasema wanakaa nje kupiga stori kwa asilimia 76 zaidi. Kule bunduki huwa zinafichwa kwenye vichaka kama vile, mtu hataki kutembea nayo asije akasachiwa, sasa ukifyeka umemnyang'anya kabati lake bila kumgusa.

Watu wakisimulia hii habari wanaishia kwenye miti na majani. Kitu wanachokiruka ni kwamba walikuwa wanarudi kila mwezi kukata nyasi na kuokota taka, na chama cha bustani cha pale Pennsylvania kilikuwa kinafanya hiyo kazi miaka mingi kabla ya utafiti, kwa mkataba na jiji, na sehemu ya ufyekaji wanapewa vikundi vya mitaani wenyewe walipwe. Sisi hatukuwa na mkataba na mtu. Tulikuwa na hamasa, na hamasa haina ratiba.

Kuna bibi anakaa mkabala na lile pagale, nyumba yenye geti la bluu, siku moja napita na daftari langu kwapani akaniita, we mjukuu wangu katibu njoo hapa. Akaniambia nyie mnafyeka kama mtu anayeoga siku ya harusi yake tu. Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniuliza hivi mlishawahi kutuuliza sisi tunaokaa hapa tunataka nini? Kweli hatukuwahi. Tulikuja na mpango umeshaandikwa, kitu cha kwanza kwenye mpango ni kamera, yeye alikuwa anataka taa moja ya pale kona iwake kwa sababu binti yake anarudi kazini usiku. Taa moja. Na kuhusu taa msidhani ni mambo ya bibi tu, New York waliweka taa kubwa kwenye baadhi ya makazi ya umma na kuyaacha mengine bila, wakakuta makosa makubwa ya usiku yanayotokea nje yamepungua kama asilimia 36 kule kwenye taa.

Hapo ndo naingia kwenye suala la nani anashika kalamu. Boston kuna mtaa unaitwa Dudley Street, miaka ya 80 ulikuwa umekufa kabisa, wenye nyumba wanazichoma moto wapate bima, viwanja vitupu zaidi ya 1,300, malori ya taka yanatoka sehemu nyingine za mji usiku yanakuja kumwaga pale. Mwaka 1984 wafadhili na mashirika wakaja na mpango mzuri tu wa kuunda chombo cha kuufufua mtaa, mwanzoni mwa 1985 wakaupeleka mkutanoni, na kwenye bodi wakazi walikuwa wametengewa viti vichache. Watu wakasimama wakauliza, nyie mlioko hapo mbele nani kati yenu anaishi hapa? Mkutano ukaharibika. Ila wafadhili, nawasifu kwa hili, hawakununa wakaondoka, walikubali bodi ipangwe upya na wakazi wakawa wengi. Na kazi ya kwanza ya wakazi haikuwa nyumba wala ajira, ilikuwa taka, 1986 walianzisha kampeni ya kuyakataa yale malori na jiji likayafunga yale madampo ya wizi. 1988 wakapata kitu ambacho kawaida ni cha serikali, haki ya kutwaa viwanja vilivyotelekezwa vya katikati ya mtaa wao. Ardhi wakaiweka kwenye mfuko wa pamoja, nyumba unaweza kununua lakini ardhi chini yake inabaki ya jamii na bei ya kuuza tena ina ukomo.

Hicho kipengele cha ardhi watu wengi wanaona ni cha wanasheria, lakini mtaa ukinyanyuka bila kitu kama hicho unajua kinachofuata, kodi inapanda, na aliyevumilia miaka ya kukabwa anahama kuwapisha waliokuja baada ya taa kuwaka. Bibi wa geti la bluu ni mpangaji, nadhani mmenielewa.

Sasa polisi. Najua wengine wataniona nimewaweka pembeni, hapana, ila kuna wizi ambao nyasi haiusaidii, na mauaji ndo kabisa. Boston hiyohiyo 1996 walifanya kitu kinaitwa Operation Ceasefire, wakagundua vijana wa magenge ni kama asilimia 1 tu ya vijana wa rika lao lakini angalau asilimia 60 ya mauaji ya vijana yanawazunguka wao. Kwa hiyo badala ya kuzoazoa kila kijana aliyesimama kijiweni wakawaita wale wachache kikaoni, uso kwa uso, pale mbele kakaa polisi, mwendesha mashtaka, wachungaji, vijana wa kazi za mtaani, ujumbe ni kwamba hatutaki mfe wala muue, anayetaka kutoka msaada huu hapa, na genge litakalofyatua risasi litabanwa lote mpaka lijute. Mauaji ya vijana yalishuka kwa asilimia 63. Halafu kufika 2000 ule utaratibu ukaachwa, miaka iliyofuata mauaji yakaanza kupanda tena, 2007 wakaurudisha. Yaani nyasi zilezile.

Kitu kinachowaponza polisi wengi ni kudhani wananchi hawasemi kwa sababu wanawapenda wezi. Hatusemi kwa sababu tukisema jina linavuja. Kwetu kuna mama alitoa taarifa kituoni asubuhi, jioni kijana mwenyewe kamsimamia mlangoni anamuuliza mama mbona umenichoma. Sasa baada ya hapo umuite kwenye kikao cha ulinzi shirikishi aseme nini? Ndo maana nawapenda wale wa Cardiff huko Wales, kuna daktari wa upasuaji anaitwa Jonathan Shepherd aliona majeruhi kibao wa kupigwa wanafika hospitali na polisi hawana habari nao, wakaweka utaratibu mapokezi wanamuuliza mgonjwa umepigwa wapi, saa ngapi, kwa kitu gani, jina lake linafutwa, taarifa zinakwenda polisi na jiji, wanakaa kila mara kuangalia ni baa gani na mtaa gani unatoa damu. Wakachapisha matokeo 2011, waliolazwa kwa majeraha ya vurugu walikuwa pungufu kwa asilimia 42 ukilinganisha na miji inayofanana nao. Na hakuna aliyechomwa.

Kwetu polisi walichosaidia kweli kilikuwa kidogo mno, walitupa askari mmoja, huyohuyo kila wiki, mpaka watoto wakamjua jina, akawa anakaa kwenye benchi la bibi dakika kumi anaondoka. Taarifa zikaanza kumfikia kwenye benchi, sio kituoni. Alipohamishwa tulirudi nyuma miezi mitano, niliandika kwenye daftari kwa wino mwekundu.

Marekani serikali ilishajaribu kuunganisha yote haya, 1991 Wizara yao ya Sheria ilianzisha mpango wa Weed and Seed, maana yake ng'oa magugu upande mbegu, polisi waondoe wahalifu halafu huduma na ajira zifuate. Jina zuri kweli. Mpango ulikwenda mpaka 2011 na lawama iliyousumbua muda wote ni kwamba kung'oa kulikuwa kwingi kupanda kidogo, na sioni ajabu, kung'oa kunafanyika usiku mmoja na kunaonekana kwenye habari asubuhi, mbegu nani aisubiri.

Ila wanaosubiri wapo, ni vikundi vidogo vya watu wanaokaa palepale, ambavyo wakubwa wakiviona wanatabasamu. Mwanasosholojia Patrick Sharkey na wenzake waliangalia miji 264 ya Marekani kwa zaidi ya miaka 20, wakatoa matokeo 2017, kila mashirika 10 ya kijamii yaliyoongezeka kwa kila watu 100,000, mauaji yanashuka asilimia 9. Mashirika ya aina hiyo, ya vijana, ya usafi, ya ulinzi, ya kazi. Siku nilipoisoma hiyo nilimpelekea bibi, akasema yeye alishajua.

Kwa hiyo tukabadilisha mambo. Hatukuitisha mkutano mwingine wa hadhara, tulikaa barazani kwa bibi watu saba, kati yao vijana wawili wa kile kijiwe tulichokuwa tunakiogopa, mmoja wao kumbe ni fundi umeme mzuri tu hana kazi. Tukaandika zamu, Jumamosi moja kaya mbili, majina yamebandikwa ukutani kila mtu anayaona, ukikosa zamu unaonekana. Jiji tuliliomba vitu viwili tu, gari la taka lipite Jumamosi mbili kwa mwezi na ile taa iwake. Gari lilikuja haraka. Taa nilipiga simu na kwenda mguu kwa mguu kwenye ile ofisi mara kumi na moja, zote nimeziandika na tarehe, mara ya kumi na moja nilienda na bibi mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha mapokezi akasema haondoki. Ikawaka siku ya pili yake.

Wizi haujaisha jamani, nisije nikawadanganya, mwezi uliopita tu kuna mtu kaibiwa begi. Kwenye pagale lakini hakuna tena wa kuzama, wale vijana wawili wanaweka vifaa vyao vya ufundi mle, na fyekeo linalala kwa bibi. Jumamosi hii ni zamu yangu na jirani yangu ambaye ameshaniaga kwamba ana msiba, nikimaliza kuwaandikia hapa ndo naenda kulichukua, maana nikichelewa bibi anaanza mwenyewe.