Kabla hujalipia kiti kwenye ndege ya nusu-binafsi

Nikimwambia mtu kwamba huwa nasafiri kwa ndege za nusu-binafsi, huniuliza kwanza raha za angani: viti vikoje, wanatoa vinywaji gani. Mimi hayo siyapi uzito. Safari zenyewe ni za saa moja, saa moja na nusu, na muda huo mtu huvumilia hata kiti kibovu. Unacholipia hasa ni muda unaouokoa ukiwa bado ardhini. Kama siku hiyo huna haraka, panda ndege ya kawaida.

Kwa asiyezijua: ni ndege ndogo za masafa mafupi, zina ratiba inayojulikana, na unanunua kiti kimoja tu badala ya kukodi ndege nzima. Tofauti ni kwamba hupandii kwenye jengo kuu la abiria, bali pembeni ya uwanja, kwenye majengo madogo na mahanga (mabanda) ya ndege binafsi. Biashara hii imeshamiri Marekani. Surf Air ilianza California mwaka 2013 kwa uanachama: ulilipa ada ya mwezi, kisha uliruka upendavyo kwenye ndege ndogo za Pilatus PC-12. JSX ya Dallas, iliyoanza 2016 ikiitwa JetSuiteX, ilichagua kuuza tiketi mojamoja kwa yeyote. Hutumia Embraer 135 na 145, ndege ambazo kwa kawaida hutengenezewa abiria 37 na 50, lakini zao zina viti 30 tu.

Hivyo viti 30 si ukarimu. Sheria za Marekani huruhusu ndege isiyozidi viti 30 vya abiria iendeshwe kwa kanuni za ndege za kukodi, hata kama viti vyake vinauzwa kwa ratiba iliyotangazwa. Kwenye makaratasi, wewe ni abiria wa ndege iliyokodiwa. Ndiyo maana hukuti ule mstari mrefu wa ukaguzi wa TSA, idara ya Marekani ya usalama wa usafiri. Jina lako linapitishwa kwenye orodha za usalama, kitambulisho kinaangaliwa, mizigo inakaguliwa, basi. JSX huwaambia abiria wafike dakika 20 kabla ya kuondoka, na kweli zinatosha.

Kanuni hizohizo zinagusa marubani, na hapa nakushauri usome mwenyewe uamue. Kwenye mashirika makubwa ya Marekani, rubani msaidizi kwa kawaida anahitaji saa 1,500 za kuruka, sharti lililozaliwa na ajali ya ndege ya Colgan Air karibu na Buffalo mwaka 2009, na rubani hustaafu akifika miaka 65. Kwenye ndege za kukodi masharti hayo hayabani hivyo. Vyama vya marubani na baadhi ya mashirika makubwa wanalalamika kwamba huo ni mwanya. Wenye ndege hizi wanajibu kwamba washindani wanaogopa kunyang'anywa wateja. Naona kila upande una maslahi yake. Mimi bado nazipanda, ila kwanza huwa nauliza nani hasa anaiendesha ndege, maana anayekuuzia tiketi na mwenye cheti cha kuiendesha wanaweza kuwa kampuni mbili tofauti.

Sasa hesabu. Usilinganishe tiketi kwa tiketi, linganisha mlango kwa mlango. Chukua saa unayotoka nyumbani na saa unayoingia kwenye mkutano, kwa njia zote mbili, gari likiwemo. Burbank, karibu na Los Angeles, hadi Las Vegas, kwa mfano, angani ni kama saa moja tu, kwa hiyo ukiondoa foleni za pande zote mbili umepunguza sehemu kubwa ya safari nzima. Kwenye safari ya saa tatu au nne, muda uleule uliookoa unakuwa kitu kidogo, wakati nauli imepanda. Na kama mko watu wanne, kila kiti ni pesa, ilhali foleni mliyoikwepa ni ileile moja. Familia nzima ikisafiri kwa mapumziko, mimi siioni faida.

Jambo ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti ni siku mambo yanapoharibika. Mnarukia njia ileile na ndege kubwa, na waongozaji wa ndege ni walewale, kwa hiyo mvua ya radi ikifunga anga mnasubiri wote. Shirika kubwa likifuta safari, huenda lina nyingine baada ya saa mbili. Hawa wadogo baadhi ya njia wanazipitia mara moja tu kwa siku. Nimewahi kukaa kwenye ukumbi mzuri, kahawa ya bure mkononi, nikitangaziwa kwamba ndege ni mbovu na inayofuata ni kesho. Tulirudishiwa nauli, lakini nauli haikutufikisha. Kwa safari isiyoweza kuahirishwa, msiba au mtihani, nenda na shirika lenye safari nyingi kwenye njia hiyo, au chukua ndege ya asubuhi ili ubaki na jioni ya kujinusuru.

Usiiunganishe ndege hii na safari ya kimataifa kwa tiketi mbili tofauti. Ukichelewa, lile shirika la pili halikujui, na mizigo yako utaivuta mwenyewe kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, kisha upange foleni uliyolipa kuikwepa.

Mizigo yenyewe isikupe shida, ila jua kwamba ndege za JSX hazina makabati ya juu. Kibegi kidogo kinakaa chini ya kiti, vingine vyote vinakwenda tumboni mwa ndege, hivyo dawa na kompyuta viwe kwenye hicho kidogo. Dari la Embraer hizi ni mita 1.82 katikati, warefu mtainama.

Mwisho, anwani. Ukimwambia dereva wa teksi "uwanja wa ndege" atakushusha jengo kuu, ambako hakuna anayekutambua, na kulizunguka eneo lote la uwanja kunaweza kumaliza zile dakika 20. Nakili anwani kamili kutoka kwenye tiketi na umpe kabla gari halijaondoka.