Je, Ni Lazima Mbunifu Ahamie Nairobi?

SWALI: Mhariri, ninatunga programu za simu hapa Kisumu. Kwa kuwa intaneti hutuwezesha kufanya kazi popote, je, vitovu vya teknolojia vya mijini vingali na maana?

JIBU: Ndugu msomaji, vingali na maana, ila si kwa kila hatua. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa kutoka kwa wananchi iliyoanzishwa mwaka 2008 na watu waliounganishwa zaidi na intaneti kuliko na ofisi, ilitangulia iHub, kitovu cha teknolojia ambacho baadhi yao walikifungua Nairobi mwaka 2010. Wazo halikungoja jengo, bali jengo lilihitajika baadaye, ili wenye ujuzi wakutane ana kwa ana na wenye mitaji. Hata hivyo, programu ya wavuvi, kwa mfano, hujaribiwa ufukweni Dunga, hapo Kisumu (huko Barabara ya Ngong, Nairobi, hakuna ngege wa kuvuliwa). Kwa maoni yangu, baki Kisumu, kisha usafiri hadi Nairobi unapotafuta mtaji.