Binti yangu ameweka madhabahu chumbani. Niichome?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Naishi Rau, hapa Moshi. Binti yangu amerudi likizo kutoka chuoni, akapanga meza chumbani kwake: mishumaa, bakuli la chumvi, glasi ya maji, ubani, kisu kidogo na kitambaa chenye nyota ya ncha tano. Anasema ni madhabahu yake, kajifunza mtandaoni, na si uchawi. Eti mbona kwa babu yake wanamwaga mbege, pombe yetu ya ndizi, kaburini penye masale, ile mimea ya mila ya Wachaga, na hakuna anayewakemea? Niichome?

JIBU: Amina, mama. Usiichome.

Hivyo ni vyombo vya Wicca, dini iliyotangazwa Uingereza miaka ya 1950 na Gerald Gardner, ofisa forodha mstaafu. Chumvi husimama badala ya ardhi, ubani hewa, mshumaa moto. Binti anaposema si uchawi, anamaanisha hamrogi mtu, na hapo sioni kama anadanganya. Neno “mchawi” lisitoke nyumbani kwako likafika kwa majirani. Nchi hii watu wameuawa kwa neno hilo, na Sheria ya Uchawi ya 1928 inamgusa hata anayemtuhumu mwenzake.

Ila Mungu wetu hagawani madhabahu na mwingine. Msomee Waamuzi 17 na 18, habari za Mika. Huyu alimwibia mama yake vipande 1,100 vya fedha, akazirudisha, na mama mtu akatoa 200 zikatengenezewa sanamu. (Ndiyo, mama. Tusiwasingizie vijana peke yao.) Akajenga nyumba ya miungu, akaajiri Mlawi, mtu wa kabila la Lawi, awe kuhani kwa fedha 10 kwa mwaka, chakula na nguo. Kila kitu chake mwenyewe. Siku watu wa kabila la Dani walipopita, wakabeba sanamu na kuhani akawafuata, Mika akabaki njiani analalamika kwamba wamemchukulia miungu aliyoifanya. Muulize binti taratibu: hiyo meza inamlinda, au yeye ndiye anayeilinda?

Kwenye masale amekushika pabaya, na mimi pia, maana ni Mchaga. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefika mwaka 1902 na kuwatumikia Wachaga mpaka 1938, hakutaka mila zetu zing'olewe zote, na namshukuru. Sale kaburini ni alama ya heshima, liacheni. Lakini kumwaga mbege ukimwomba marehemu aondoe mkosi ni ibada, na Kumbukumbu la Torati 18:11, inayokataza kuwaomba wafu, haikuacha nje kaburi la babu. Ukikemea meza ya binti huku kibuyu cha mbege ya kaburini unakifumbia macho, atakuona mnafiki, na sitakuwa na la kumjibu.

Utaniambia Gideoni alivunja madhabahu ya Baali. Alivunja, kwa amri ya Mungu mwenyewe. Mimi nakupeleka Efeso, Matendo 19:19: vitabu vya uganga vya thamani ya fedha 50,000 vilichomwa, na waliovileta motoni ni wenyewe waliokuwa navyo. Hakuna mama aliyevinyofoa chini ya godoro. Nyumba ni yako, kwa hiyo mkataze kuwasha mishumaa karibu na pazia. Mengine mngoje, umwombee, na akikubali njooni wote wawili ofisini baada ya ibada ya Jumapili.

Na kama ulishamfokea, kata sale hapo uani, ulifunge fundo, umpelekee. Amekulia kwa Wachaga, anajua sale la kuomba msamaha halikataliwi.