Jibu: Polipu bado ipo baada ya kusafishwa kizazi
Salaam, dada. Umeuliza kwa nini polipu ya milimita 15 (kinyama kinachoota kwenye utando wa ndani wa kizazi) bado inaonekana kwenye altrasaundi ilhali ulisafishwa kizazi miezi 3 iliyopita. Kwanza uliza kama daktari alitazama ndani kwa kamera au alikwangua bila kuona. Mimi nilikwanguliwa bila kamera na damu ikarudi, kwa kuwa polipu laini yenye kikonyo huweza kukikwepa kifaa, au ikakatika huku shina lake likibaki. Mara ya pili nilifanyiwa histeroskopia: daktari alipitisha kamera nyembamba kwenye mlango wa kizazi, akaingiza maji maalumu ili kuta ziachane, kisha akaikata polipu shinani kwa mkasi mdogo huku akiitazama kwenye skrini. Sikupasuliwa tumbo, na nilirudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Omba miadi mara hedhi inapokwisha, kwani wakati huo utando wa ndani ni mwembamba na polipu huonekana vizuri. Nakusihi pia uhakikishe kuwa kinyama kitakachotolewa kinapelekwa maabara. Suala la ganzi au nusu kaputi ataliamua daktari aliyekupima. Ukipata homa, uchafu unaonuka au damu nyingi baadaye, rudi hospitali bila kusubiri.