Damu inayoganda kupita kiasi na ubongo: maswali yenu

Mama na dada yangu wana Fakta V Leiden, badiliko la jeni linaloifanya damu igande kirahisi. Je, nami nitapata kiharusi?

Huenda hata hukuirithi: mzazi mwenye nakala moja ya jeni hiyo humpa kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Na wengi walio nayo huzeeka bila kupata bonge la damu. Badiliko hili lilitambuliwa mwaka 1994 mjini Leiden, Uholanzi. Hatari yake hasa iko kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), za miguuni kuliko za ubongo. Kiharusi cha kawaida hutokana na ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) kuziba, na huko uhusiano wake ni hafifu. Ningekuwa wewe, ningehangaikia zaidi presha na sigara.

Nina badiliko la jeni ya prothrombini (protini ya kugandisha damu), natumia vidonge vya uzazi wa mpango, na kichwa kinauma wiki nzima. Nimeze panadoli?

Hapana, dada. Nenda hospitali leo, na utaje hayo yote mawili. Vidonge vyenye estrojeni vikikutana na jeni hiyo, hatari ya bonge kwenye vena za ubongo hupanda sana. Vena hizo zikiziba, damu hukosa pa kutokea na shinikizo hupanda kichwani. Ndiyo maana maumivu huzidi siku hadi siku, hasa ukilala au ukiinama. Macho huona ukungu, wengine hupata degedege. Picha ya kawaida ya CT inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo uliza kuhusu kipimo cha vena zenyewe. Tiba ni heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na wengi wanaotibiwa mapema hupona vizuri.

Nimeambiwa nina maltipo sklerosisi (kinga ya mwili kushambulia neva za ubongo na uti wa mgongo), lakini pia mimba zangu tatu zimeharibika. Je, ni damu?

Pole sana, mama. Swali lako ni la msingi. Kuna ugonjwa wa antifosfolipidi, ambao kwa kawaida si wa kurithi: kinga ya mwili huifanya damu igande ovyo. Huharibu mimba, na madoa yake kwenye picha ya ubongo yanaweza kufanana na ya maltipo sklerosisi. Omba kipimo, kikionyesha dalili hurudiwa baada ya wiki 12. Usiache dawa zako kabla ya kuzungumza na daktari.

Mwanangu ana hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri. Amegonga kichwa ila anacheza kama kawaida. Nisubiri?

Usisubiri. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu kabla dalili hazijaonekana. Apewe fakta (protini ya kugandisha damu) anayopungukiwa kwanza, picha ifuate.