Nafasi ya kumi huko Moscow

Swali la wiki hii lilitaka tueleze mafanikio ya mwanamichezo anayeiwakilisha nchi isiyo na mizizi katika mchezo wake yapimwe kwa kigezo gani. Kwa maoni yangu, kabla ya medali tuangalie nafasi alizowafungulia wenzake, na mfano wangu ni Javier Fernández wa Uhispania, katika mchezo wa kuteleza kwa mitindo kwenye barafu.

Fernández aliposhiriki Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010, ilikuwa imepita zaidi ya nusu karne tangu mwanamume wa Uhispania aonekane katika mchezo huo kwenye Olimpiki. Ili afike hapo alilazimika kuondoka Madrid akiwa bado kijana mdogo, akafanya mazoezi Marekani; baada ya Olimpiki hiyo, mwaka 2011, alihamia Toronto, Kanada, chini ya kocha Brian Orser.

Katika Mashindano ya Dunia alianza mwaka 2007 kwa kushika nafasi ya 35, kisha ya 30, ya 19, ya 12, na mwaka 2011 huko Moscow akawa wa 10. Hapo ndipo ninapoomba msomaji atulie kidogo. Kwa kanuni za mchezo huu, nchi iliyowakilishwa na mtelezaji mmoja huruhusiwa kupeleka wawili mwaka unaofuata iwapo yule mmoja ataingia kumi bora. Angekuwa wa 11, Uhispania ingebaki na nafasi moja. Hakuna anayepanda jukwaani kwa kuwa wa kumi, lakini kwa mtelezaji mwingine wa nchi hiyo, ambaye hata awe hodari kiasi gani asingeweza kumpita Fernández nyumbani, matokeo hayo ndiyo yaliyoufungua mlango.

Najua wengi watataja mataji yake, nami siyadharau: ubingwa wa dunia mara mbili, na ubingwa wa Ulaya mara saba mfululizo, wa mwisho ukiwa wa Minsk mwaka 2019. Katika Mashindano ya Dunia ya Boston mwaka 2016 alianza programu ndefu, yaani sehemu ya pili na ya mwisho ya shindano, akiwa nyuma ya Yuzuru Hanyu wa Japani, ambaye alifanya naye mazoezi kwa kocha yuleyule, kwa zaidi ya alama 12, akaibuka bingwa kwa kupata alama 216.41 katika programu hiyo. Ni moja ya programu bora nilizowahi kutazama.

Hata hivyo, medali ni kigezo chembamba mno. Katika Olimpiki ya Sochi mwaka 2014 aliikosa shaba kwa alama 1.18, kwa sababu aliurudia mruko wa Salchow kinyume cha kanuni na majaji hawakuuhesabu. Tukimpima kwa medali tu, tutasema alirudi mikono mitupu, ilhali katika mashindano hayohayo Uhispania ilikuwa na mwanamume wa pili, Javier Raya.

Miaka minne baadaye, huko PyeongChang, shaba ikapatikana, na ikawa medali ya kwanza ya Olimpiki ya Uhispania katika mchezo huu. Safari hiyo pia hakuwa peke yake: Felipe Montoya aliteleza kwa nafasi ya pili ya nchi yao, na nafasi hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na Fernández kumaliza wa nne katika Mashindano ya Dunia ya Helsinki mwaka 2017, matokeo ambayo wengi waliyaona kuwa ni kushindwa.