Bwindi si moja: usimtumie ajenti salio kabla hujaona vibali

Simama hapo hapo. Hilo salio la pesa za safari usilitume.

Nimesoma swali lako lote kuhusu safari yenu ya kuwaona gorila Bwindi, ule msitu wa hifadhi wa Uganda: viatu gani, dola au shilingi za Uganda, dawa za malaria, na kama Noah itapanda milima ya Kabale ikiwa na watu sita na mizigo yao. Sawa. Lakini kilichonikurupusha ni ule mstari uliouchomeka katikati kana kwamba si kitu, kwamba ajenti mmeshamlipa nusu na vibali vya gorila atawakabidhi mkifika Kampala. Mkifika Kampala! Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, nikaitikia "sawa kaka" kama mtoto wa nasari.

Halafu hapo juu kuna mtu amekujibu usijali, maajenti wanajua kazi yao. Sikatai. Wangu aliijua vizuri sana.

Agosti 2023 tulitoka Nairobi wanawake sita wa chama chetu cha kuweka akiba, cha mtaa wa Umoja, pamoja na dereva. Mweka hazina ni nani? Ni mimi. Tuliweka akiba zaidi ya mwaka mzima kwa ajili ya hiyo safari. Ajenti alikuwa kijana nadhifu mwenye ofisi katikati ya mji, ghorofa ya tatu, picha ya gorila ukutani, maji ya chupa ya bure. Kila nikiuliza kitu anajibu kabla sijamaliza kuuliza. Nilidhani huo ni ujuzi.

Safari yenyewe ilianza vizuri. Tuliondoka Ijumaa jioni, alfajiri tukawa Busia, tukavuka kwa vitambulisho vya taifa tu bila pasipoti, tukalala Kampala. Jumapili tukashika barabara ya Masaka. Pale Kayabwe tulisimama kupiga picha kwenye mstari wa ikweta, tukalipa kijana atuonyeshe maji yanavyozunguka kwenye beseni. Wakenya wazima, Nanyuki tunayo, ikweta ni ile ile, na tukalipa. Hapo ningejua tayari sisi ni watu wa aina gani. Mbele kidogo, Lukaya, wauzaji wakalikimbilia gari na kuku wa mishikaki na ndizi za gonja za kuchoma, tukala hadi vidole. Baadaye tukapata pancha mbili, na Buhoma, upande wa Bwindi ambako ajenti alitulipia vitanda, tukafika saa mbili usiku tumechoka kama mizigo.

Jumatatu asubuhi, saa mbili kasorobo, tuko pale mnapokusanyika kupewa maelezo kabla ya kuingia msituni. Askari wa hifadhi, mama mmoja mpole, akatuomba vitambulisho na vibali. Nikamwonyesha simu: picha ya karatasi yenye mhuri ambayo ajenti alinitumia WhatsApp. Akaikuza kwa vidole viwili, akaisoma, akaikuza tena. "Hii ni risiti," akasema. "Kibali kiko wapi?"

Akachukua orodha yake. Kalamu ikashuka jina baada ya jina hadi chini, ikapanda, ikashuka tena. Akageuza karatasi kuangalia nyuma. Nyuma kulikuwa kweupe. Ndipo tumbo langu likaanza kuongea.

Akapiga simu, akaongea Kirukiga na mtu kwa muda, sisi tumesimama tu. Pembeni yetu watu wanapewa fimbo za kutembelea, mzee mmoja mzungu anachomeka suruali ndani ya soksi ili siafu wasimpande, kila kundi linaondoka na kiongozi wake. Akakata simu akatuangalia kwa huruma ambayo sikuipenda. "Majina yenu yapo. Leo hii. Lakini mko Rushaga."

Nikamuuliza Rushaga ni upande gani, niende. Nilidhani ni geti lingine, tutembee dakika kumi.

Kama hujui, na mimi sikujua: Bwindi ina sekta nne za kuwaonea gorila, yaani Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo, na kibali chako ni cha sekta moja, siku moja. Buhoma iko kaskazini, Rushaga iko kusini, na katikati kuna msitu wenyewe na milima yake. Kwa gari unazunguka kupitia Ruhija, unashuka Muko, ndipo unaingia Rushaga. Ni saa na saa za vumbi au matope, inategemea Mungu siku hiyo kaamkaje.

Nikampigia ajenti. Sitasahau mazungumzo haya hadi nizikwe.

"Dada, mko Bwindi au hamko Bwindi?"

"Tuko Bwindi."

"Sasa shida iko wapi?"

Yaani ni kama kuambiwa harusi iko Machakos, ukalazwa Naivasha, ukilalamika unaulizwa kwani Naivasha si Kenya?

Tulijaribu, usifikiri tulikaa kulia. Tuliingia kwenye Noah, tukapanda Ruhija kwenye ukungu, baridi ya kukufanya ukumbuke sweta uliyoiacha Umoja. Kwenye kona moja gari likaanza kurudi nyuma lenyewe, tukashuka kusukuma, mwenyekiti wa chama akiwa na leso kiunoni na matope hadi magotini, haongei. Mwenyekiti akinyamaza ni mbaya. Rushaga tulifika saa sita kasoro. Makundi yote yalikuwa yameshaingia msituni. Na huwezi kusema basi tuingie na la mchana, kwa sababu hakuna la mchana: kila familia ya gorila inatembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, mara moja, mnakaa nao saa moja, basi. Waachwe wapumzike.

Kijana wa pale alituonyesha orodha. Majina yetu sita yalikuwepo, yamepangwa vizuri, hata langu la kati ambalo kila ofisi ya Nairobi hulikosea lilikuwa limeandikwa sawasawa. Mbele yake nafasi ya kuweka sahihi iko wazi. Lile jina ndilo lililoniliza. Si gorila.

Na ngoja, haijaisha. Yule kijana akaniuliza kwa upole kibali tulilipa ngapi. Nikasema elfu kumi na nane za Kenya kila mmoja, "bei ya punguzo." Akanyamaza. Wakati huo raia wa Afrika Mashariki alikuwa analipa shilingi 250,000 za Uganda, ambazo kwa hesabu ya siku zile ni karibu elfu kumi zetu. Mgeni wa kutoka nje ndiye aliyekuwa analipa dola 700. Kwa hiyo ajenti wangu alitula karibu elfu hamsini, kisha akatulaza sekta isiyo yetu. Hata mwizi wa Gikomba akikuibia simu hakuambii uje uichukue Kitengela.

Baadaye ndipo nilipoelewa alichofanya. Agosti ni kiangazi, wageni ni wengi. Alingoja apate pesa za watu wote kwanza, na alipokwenda kununua, Buhoma ilikuwa imejaa. Rushaga ndiyo yenye familia nyingi za gorila, kwa hiyo huko bado kulikuwa na nafasi. Akanunua hizo, jambo ambalo si kosa hata kidogo. Lakini vitanda vya Buhoma alikuwa ameshavilipia kwa rafiki yake, na kuhamisha kungemtoa hela. Akakaa kimya. Akatarajia nini, hata leo sijui. Labda tuote mbawa.

Kikao cha chama tuliporudi sikielezei. Niseme tu kwamba zamu yangu ya kupokea ilirukwa, nikawalipa wenzangu nusu ya vibali kwa awamu, na hadi leo nikichelewa kikao kuna mtu lazima aulize kama nimepotelea Rushaga. Gorila pekee niliyemwona alikuwa kwenye fulana dukani, na hata huyo nilimlipia.

Sasa wewe. Mpigie huyo ajenti leo, si kesho, umwambie akutumie kibali chenyewe. Si risiti, si "imethibitishwa", si picha ya mhuri. Kibali kinachotolewa na Uganda Wildlife Authority, uone mambo matatu: jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe, na sekta. Jina, tarehe, sekta. Ukishaona sekta ndipo utafute kitanda, tena ndani ya sekta hiyo hiyo, kwa sababu maelezo yanaanza karibu saa mbili asubuhi na hakuna anayekungoja. Akikwambia mfumo uko chini, ngoja upande. Akikwambia vibali ni vya kundi zima na havina majina, mdai pesa zako mara moja.

Bei pia iulize kwa jina lake. Tangu Julai 2024 raia wa Afrika Mashariki analipa shilingi 300,000 za Uganda, mgeni dola 800. Umesema mmoja wenu ni Mjerumani, mume wa mwenzenu, basi yeye hesabu yake ni tofauti (akiwa na kibali cha kuishi huku ana bei yake ya katikati), msichanganye mfuko. Na kama mnabeba kijana wa shule, aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuwaendea gorila. Hilo nalo ajenti hatakwambia, atakutoza tu.

Na msianze na ile habari ya "lakini amependekezwa na shemeji". Wangu alipendekezwa na binamu yangu, ambaye hajawahi kuvuka hata Malaba. Alikuwa ameona picha nzuri Facebook.

Haya, maswali yako mengine. Shilingi za Uganda badilisheni kidogo Busia na hesabu noti mbele yake kabla hujaondoka dirishani. Dawa za malaria muulize daktari mapema, kuna za kuanza kabla ya safari. Kadi ya homa ya manjano beba. Noah itapanda, mradi abiria wako tayari kusukuma. Kulikuwa na swali lingine la chakula au la mavazi, limenitoka.

Viatu: vya shingo ndefu, vyenye meno. Vyangu nilivinunua Gikomba, vya ngozi, vya Wajerumani, vimekanyaga matope ya kona moja tu ya Ruhija na sakafu ya Noah. Ni saizi 39. Kama mmoja wenu vinamtosha aje Umoja achukue, ila kwanza anionyeshe kibali.